Mgeni Achague Sheria

Nchi hii haipo. Serikali yake yenyewe ilitoa tangazo kwamba haipo, likabandikwa kwenye nguzo zote za mji mkuu, na wananchi wakalisoma, wakatikisa vichwa, wakaenda zao kazini. Kwa hiyo msomaji asihangaike na ramani, wala asimkonyeze jirani yake. Yaliyotokea huko yalitokea huko, na sisi tunasimulia tu.

Wenyewe waliiita Kwetu, na sifa yao kubwa ilikuwa adabu. Si adabu ya kusema ahsante, maana hiyo hata kasuku anaiweza. Adabu ya Kwetu ilikuwa hii: mgeni akifika, mwenyeji humwachia uchaguzi wa kila kitu. Akae kiti kipi, ale pande gani la nyama, dirisha lifunguliwe au lifungwe. "Chagua wewe, mgeni," husema mwenyeji. Mgeni naye, kwa kuwa amelelewa, hukataa: "Hasha, chagua wewe mwenye nyumba." Husukumiana hivyo mara mbili, na mara ya tatu mwenyeji hukubali kwa shingo upande, akachagua, na wote wakala kwa amani. Mtoto wa Kwetu aliyethubutu kudaka paja la kuku kwa mwaliko wa kwanza alisimangwa mpaka siku ya harusi yake.

Basi wakaja wageni wa aina nyingine, wageni wenye mikataba. Karibu na mwisho wa kila mkataba palikuwa na kipengele kilichouliza: tukigombana, tutafuata sheria ya nani, na tutashtakiana kwenye mahakama ya wapi? Mwenyeji akajibu kama alivyofunzwa na mama yake: "Chagueni nyinyi wageni." Kisha akatulia, akisubiri wakatae.

Hawakukataa. Walishukuru, wakaandika.

Haikupita miaka mingi, maji ya mabomba ya Kwetu yakawa chini ya sheria ya nchi moja ya milimani, na barabara kuu chini ya sheria ya kisiwa ambacho watu wake husafiri kwa miguu. Mahakama za Kwetu zikabakiwa na kesi za mbuzi waliokula mchicha wa jirani. Mahakimu walikuwa wakianza kazi saa tatu, saa nne wamekwisha kupiga miayo, na saa tano wanacheza bao na washtakiwa.

*

Bi Mashavu Kitwana hakuwa mtu wa mikataba. Alikuwa mtu wa supu ya makongoro. Banda lake lilikuwa Mtaa wa Relini, mkabala na mahakama ya wilaya, na halikuandikwa jina, kwa sababu harufu ilitosha. Makuli wa stesheni walikunywa supu pale kabla ya kubeba mzigo wa kwanza. Makarani walikunywa pale. Hakimu Dihenga, hakimu wa wilaya mwenyewe, hakuwahi kufungua kesi kabla hajafungua kinywa kwa Mashavu. Alikuwa akikaa benchi la karibu na moto, anakunywa, anatoka jasho, anajifuta kwa kitambaa cha jikoni bila kuomba ruhusa, na Mashavu anamwacha.

Supu ile aliachiwa na mama yake, na mama yake hakuwa na kingine cha kumwachia. Hakuwa na shamba wala nyumba ya urithi. Ukimwondolea Mashavu supu ungebaki na mjane mnene mwenye mikono yenye makovu ya moto, na wajane wa namna hiyo Kwetu walikuwa wengi.

Siku moja Mkuu wa Jiji akasimama kwenye redio. Alisema kwamba kuanzia sasa mgahawa wowote usio na jina la kimataifa utahesabiwa kuwa ni moshi, na moshi utaondolewa. Alisema kwa upole sana, akamaliza kwa kuwatakia wananchi mlo mwema.

Wiki hiyohiyo akaja Bwana Oksli, mjumbe wa Kuku Jemadari, kampuni kutoka nchi ya Baridini. Kuku Jemadari ilikuwa haipiki. Yenyewe ilikodisha jina. Wewe unatoa banda, jasho na kodi ya pango. Wao wanakuletea bango, aproni nyekundu, na kuku waliogandishwa ambao baadhi yao walikuwa na umri mkubwa kuliko wateja. Mashavu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Nimekuelewa, baba. Jina lenu litakaa mbele. Lakini na supu yangu ikae nyuma."

"Supu!" akasema Bwana Oksli, akicheka kwa meno yote. "Nani anaikataa supu?"

Mashavu akaridhika. Kwetu mtu akikuchekea kwa meno yote amekubali. Wakaendelea na mkataba, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka wakafika pale.

"Hapa mama kuna suala la sheria na mahakama. Endapo tutakosana."

"Tukosane kwa lipi?"

"Ni utaratibu tu."

"Basi chagueni nyinyi wageni," akasema Mashavu, akakunja mikono mapajani, akasubiri.

Bwana Oksli akaandika: sheria ya Baridini, mahakama ya Baridini. Mashavu akaitazama kalamu inavyokimbia. Alidhani labda kwao hukataa baada ya kuandika. Akangoja tena kidogo, kwa heshima, halafu akaweka dole gumba.

*

Umeme ukakatika. Si jambo geni, lakini safari hii ulikawia, kwa sababu mkataba wa umeme wa Kwetu ulifuata sheria ya nchi nyingine kabisa, na huko ilikuwa sikukuu. Kuku wa Jemadari wakaanza kuyeyuka, kisha wakaanza kunuka, kisha wakaanza kuvimba kama waliokusudia kufufuka. Mashavu aliwafukia nyuma ya banda akiwa amefunga kanga puani.

Nje makuli walikuwa wamesimama na njaa zao. Wengine walikuwa wameshalipa. Mashavu akawatazama, akaitazama friji, akasema, "Potelea mbali." Akawasha mafiga nyuma ya banda, akaitoa sufuria ya mama yake, na alipopakua aliwapakulia kwenye vile visanduku vyekundu vya Jemadari, kwa kuwa mabakuli yake yalikwisha kutaifishwa na kampuni kwa ajili ya usafi. Supu ilivuja mpaka kwenye viwiko vya watu. Hakuna aliyelalamika.

Bwana Oksli akatokea wakati Hakimu Dihenga anaomba nyongeza.

Hakupiga kelele. Watu wa Baridini hawapigi kelele. Alimwambia tu kwamba amenyang'anywa jina, akasoma kwa sauti kipengele ambacho Mashavu hakukisikia siku ile, pengine kwa kuwa alikuwa bado anasubiri wageni wakatae: kwamba mtu aliyenyang'anywa jina la Kuku Jemadari haruhusiwi kumpikia mtu yeyote asiye damu yake, popote ndani ya Kwetu, mpaka mahakama iamue vinginevyo. Walinzi wa kampuni wakamwaga maji kwenye mafiga.

"Lakini ulisema supu haina neno!" Mashavu akalia.

"Nilisema nani anaikataa," akajibu Bwana Oksli. "Lilikuwa swali."

Kesho yake Mtaa wa Relini uliamka hauna harufu. Makuli walibeba mizigo na matumbo matupu, wakawa wanaiangusha.

*

Mashavu akavuka barabara kwenda mahakamani. Alikuta Hakimu Dihenga amekaa peke yake chini ya picha ya Rais, analo faili la mbuzi mkononi na tumbo linamnguruma.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nimekuja kushtaki."

"Marahaba, Bi Mashavu. Karibu. Nipe huo mkataba." Akausoma wote. Alipofika kile kipengele akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akakisoma tena, kana kwamba uchafu wa miwani ndio ulioandika. "Sheria ya Baridini. Mahakama ya Baridini. Mama, mikono yangu imefungwa. Kwa nini hukungoja wakatae?"

"Nilingoja, Mheshimiwa."

"Ukangoja mpaka mwisho?"

"Mpaka wino ukakauka."

Hakimu akaguna. "Basi huna budi kwenda kwao. Asiyekuwepo na lake halipo."

Mashavu akaenda ubalozi wa Baridini. Karani wa ubalozi, kijana wa Kwetu aliyekuwa akiongea kwa pua, alimweleza kwamba viza ya kwenda mahakamani hutolewa kwa mtu mwenye barua ya mahakama ya Baridini, na mahakama ya Baridini huwaandikia barua watu waliofika mbele yake. Akamtakia safari njema.

Akapata wakili, Wakili Jongo, kijana mwenye suti moja na matumaini mengi. Jongo alimwambia kuwa kesi yake ilikuwa nzuri mno, tatizo lake lilikuwa mahali tu. Mashavu akasema hata maiti huwa mzima, tatizo lake ni pumzi tu.

*

Hapo ndipo serikali ilipoamka. Waziri wa Sheria na Ukarimu, Mheshimiwa Sufiani Lwambo, alipanda jukwaani mbele ya ile mahakama ya wilaya, iliyokuwa imefunikwa turubai, akakohoa kwa muda mrefu kama ilivyo haki ya waziri, akasema:

"Ndugu wananchi! Wapo wanaosema watu wetu wanateseka kuifuata haki ng'ambo. Uongo! Ni uongo kuanzia leo! Serikali yenu sikivu haikuona sababu ya kumpeleka mwananchi ng'ambo. Imeileta ng'ambo kwa mwananchi!"

Turubai likavutwa. Bango jipya lilisema: MAHAKAMA KUU YA BARIDINI, TAWI LA MTAA WA RELINI.

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa walikuwa wamepangwa. Waziri akafafanua kwamba serikali imekodi jina, mabango na nguo, kama wafanyavyo wenye migahawa, na sasa Kwetu ina mahakama ya kiwango cha kimataifa kwa bei ya kukodi. Mwandishi mmoja akauliza, je, mwananchi asiporidhika na mahakama hiyo aende wapi? Waziri akatabasamu. Hata mkataba wa kukodi mahakama ulikuwa na kipengele cha sheria, alisema, na yeye ni mtoto aliyelelewa. Aliwaambia wageni wachague. Malalamiko yote yapelekwe Baridini.

Ndani palikuwa Baridini kwelikweli. Mashine zilipuliza ubaridi mpaka pua zikawa si za mwenyewe. Madirisha yalipakwa rangi ya mawingu ya kijivu na miti isiyo na majani. Ukivuka kizingiti umekwisha kuwa ugenini, na askari aligonga muhuri kwenye pasi yako. Asiye na pasi alipewa kibali cha kukanyaga. Lugha ilikuwa Kibaridini. Kikwetu kilitafsiriwa na mkalimani, hata kwa wale waliokuwa wakikielewa vizuri kuliko mkalimani.

Lakini fahari kubwa ya tawi ilikuwa hukumu zenyewe. Zilikuja kwenye masanduku kutoka makao makuu, zimekwisha kuandikwa na wataalamu, zimefungwa kwa nta. Kazi ya hakimu ilikuwa kuchukua moja, kuivunja nta na kuisoma kwa sauti ya kutosha. Mkataba ulimkataza kuongeza wala kupunguza neno, ili hukumu ya Mtaa wa Relini iwe na ladha ileile ya hukumu ya Baridini.

Hakimu aliyeajiriwa ni Dihenga. Kichwa chake ndicho pekee kilichoenea kwenye nywele za bandia. Alivalishwa koti zito la sufu, akaapa kwamba tangu mlango unapofunguliwa hadi unapofungwa hatafahamu neno la Kikwetu, na kwamba jambo lolote la kuvunja amri ya mahakama litakalomfikia ataliripoti, hata likiwa limemfikia kwa njia ya mdomo wake mwenyewe.

*

Kesi ya Mashavu ikawa ya kwanza. Alisimama kizimbani amejifunga kanga tatu, meno yanagongana.

"Mweleze hakimu," Jongo akamnong'oneza, "kuhusu kuku."

"Mheshimiwa, kuku wao waliharibika kwa joto."

Mkalimani akatafsiri. Hakimu Dihenga akafikiri, akasema neno refu la Kibaridini.

"Mahakama inauliza," akasema mkalimani, "joto ni nini?"

Mashavu akamtazama yule mtu. Alikuwa amemwona akitokwa na jasho kila asubuhi ya Mungu, kwenye benchi la karibu na moto, kwa miaka ambayo watoto wamezaliwa na kuoa.

"Mheshimiwa unalijua joto."

"Mahakama hailijui," mkalimani akatafsiri jibu. "Sheria ya Baridini inatambua baridi, baridi kali, na msiba. Kitu kisichotajwa na sheria hakiwezi kuharibu kuku."

Jongo akasimama kupinga, akaambiwa kupinga hufanywa majira ya kiangazi, na Baridini hakuna kiangazi. Hakimu akaingiza mkono sandukuni, akatoa hukumu ya juu kabisa, akaivunja nta. Ilimwamuru Mashavu asimpikie mtu asiye damu yake milele, na pia arudishe mbwa wote wa kuvuta magari ya barafu aliowachukua kwa mpinzani wake.

"Mbwa gani?" Mashavu akauliza.

Dihenga aliitazama ile karatasi kwa muda. Ilionekana wazi kwamba ilipikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Lakini neno haliongezwi wala halipunguzwi, basi akagonga meza. Kwa wiki nzima iliyofuata madalali wa mahakama walikuwa wakiingia uani kwa Mashavu na kamba, wakipiga miluzi.

*

Jioni moja, jua bado halijazama, mtu akabisha hodi mlango wa nyuma wa nyumba ya Mashavu. Alikuwa Hakimu Dihenga, amelikunja lile koti kwapani, midomo imepasuka kwa baridi.

"Mheshimiwa," akasema Mashavu, "leo unafahamu Kikwetu?"

"Mahakama imefungwa, Bi Mashavu. Nafahamu." Akasimama palepale mlangoni, akinusa. Mashavu alikuwa amejitengea kisufuria chake mwenyewe, maana kujipikia mwenyewe kulikuwa hakujakatazwa. "Nina baridi mpaka ndani ya mifupa. Nakula kuku wao, hashuki. Nisaidie kibakuli."

"Si wewe uliyeniamuru nisimpikie mtu?"

"Si mimi. Ilipikwa Baridini. Mimi niliipakua tu."

"Na joto hulijui."

Dihenga akainamisha kichwa. "Nalijua, mama. Nimezaliwa ndani yake. Usinifukuze."

Kumfukuza mwenye njaa Mashavu hakuwahi kufunzwa. Akampakulia. Hakimu alikaa kwenye kigoda, akanywa funda la kwanza, akafumba macho, machozi yakamtoka bila haya, yakaingia supuni. Alikunywa na la pili, akasema ile hukumu ilikuwa upuuzi mtupu, kwamba yeye ni mtu mzima na ana aibu, na kwamba kesho, mbele ya wote, atasema neno.

Mashavu akaamini. Mtu aliyelilia bakuli lako huwezi kumdhania mabaya.

Kesho yake Dihenga akavaa koti, mlango ukafunguliwa, na kweli akasema neno. Alimwambia karani wa mahakama, kwa Kibaridini safi, kwamba jana jioni mwanamke Mashavu Kitwana alivunja amri kwa kumpikia mtu asiye damu yake. Karani akauliza shahidi ni nani. Dihenga akajitaja.

*

Sasa Mashavu alikabiliwa na jela. Wakili Jongo akajifungia na vitabu vya sheria ya Baridini, vile vinene, akavifukunyua kama kuku jalalani, na akatoka mbio.

"Tumepona, mama yangu! Sheria yao inasema miguu ya ng'ombe si chakula. Ni malighafi ya gundi. Ukithibitisha kwamba ulichochemsha ni miguu ya ng'ombe, basi hukupika! Ulitengeneza gundi!"

"Gundi?" Mashavu akauliza.

"Kisheria tu."

"Mama yangu alinirithisha gundi?"

"Mama, ni hiyo au jela. Na gundi hawajaikataza. Utawasha moto tena!"

Hilo la moto ndilo lililomchukua. Alikwenda mahakamani akaapa, na kwa kuwa sheria ilitaka uthibitisho wa kila hatua, akaeleza kila hatua. Namna ya kuibabua miguu kwenye mkaa mpaka nywele ziishe, kisha kuiparua kwa mgongo wa kisu. Maji ya kwanza yamwagwe. Tangawizi itwangwe na maganda yake. Chumvi iingie nyama ikiwa imeshalegea, na pilipili manga ipondwe, isisagwe. Ndimu ikamuliwe sufuria ikiwa chini, kamwe si motoni. Kisha akasita, kwa sababu lililobaki mama yake alimwambia sikioni, akiwa kitandani, siku chache kabla ya kufa.

"Mahakama inasubiri," akasema mkalimani.

"Kitunguu kizima," akasema Mashavu polepole, "kinachomwa ndani ya majivu, na ganda lake, mpaka kiwe cheusi. Kinadumbukizwa mwisho. Halafu kinatolewa."

Karani akaandika. Bwana Oksli, kwenye benchi la mbele, naye akaandika. Mkalimani alikuwa anameza mate katikati ya sentensi. Hakimu Dihenga alikuwa ameacha kutazama watu, anatazama madirisha yaliyopakwa mawingu.

Hukumu iliyotoka sandukuni safari hii ilimhusu. Ilisema kilichotengenezwa ni gundi, na kwamba mshtakiwa hana hatia ya kupika, kwa kuwa hajapata kupika siku yoyote ya maisha yake. Yuko huru kuchemsha gundi kadiri apendavyo, mradi asiyeruhusiwa kuila asiile; na wasioruhusiwa kuila gundi ni watu wote. Maelezo aliyoyatoa kwa kiapo yatakuwa mali ya Baridini, na makampuni ya Baridini yana haki ya kuyatumia.

"Tumeshinda!" Jongo akapiga kelele, akamshika mkono, akautikisa. Baridi ilikuwa imeutia ganzi, na Mashavu hakuusikia.

Washona viatu wawili walikuja kwake juma lile kuulizia gundi. Walijaribu, wakarudi wakisema viatu havishiki, ila mbwa wa mtaa wanawafuata. Baada ya hapo hakuja mtu.

*

Kabla mvua za vuli hazijanyesha banda la Mtaa wa Relini likafunguliwa upya. Waziri alikata utepe. Bango lilikuwa na picha ya jemadari ameshika bakuli: SUPU YA JEMADARI. Ilichemshiwa Baridini, ikagandishwa, ikaja na meli, na ikapashwa moto hapo hapo mbele ya mteja. Kisheria ilikuwa supu, kwa kuwa Baridini walikuwa wamebadili kile kifungu cha gundi kwa ajili ya makampuni yenye leseni. Foleni ilifika mpaka stesheni. Makuli walikuwepo. Makarani walikuwepo. Hakimu Dihenga alikuwepo, wa kwanza, na koti lake, maana mahakama ilikuwa wazi na yeye alikuwa ametoka mara moja.

Mashavu naye akapanga foleni. Alikuwa hajala tangu jana, na mtaa mzima ulikuwa hauna pengine pa kula. Alipofika mbele akapewa bakuli, akaenda kukaa kwenye benchi la karibu na ukuta. Aliishika supu kwa mikono miwili na kumwomba Mungu, kwa moyo wote, iwe mbaya.

Akanywa. Mkaa ulikuwemo, na tangawizi na maganda yake. Ndimu ilikuwa imekamuliwa sufuria ikiwa chini. Akaisubiri ile harufu ya mwisho, akiwa bado na tumaini dogo kwamba hawakuielewa, na ikaja: kitunguu cheusi, cha kwenye majivu, cha sikioni.

Haikukosa kitu.

Kuli mmoja wa zamani, aliyekuwa akimwita mama, akamwegemea. "Vipi, mama? Wewe ndiye mwenyewe. Inaifikia ile yako?"

Watu wa karibu wakaacha kunywa ili wasikie.

"Ile yangu ilikuwa gundi," akasema Mashavu.

Akaliinamia bakuli, akainywa yote mpaka chini, kwa sababu alikuwa na njaa.